Ubingwa Bila Utu: Hesabu ya Mashujaa wa Besiboli

Muungwana ni kitendo, walisema wahenga, na hakuna kati yetu asiyeijua methali hiyo. Lakini ni kitendo kipi? Kuna mtu ambaye kitendo cha mkono wake humfanya kila amwonaye ashike kinywa kwa mshangao, ilhali kitendo cha moyo wake humfanya jirani afunge mlango. Mtu wa namna hiyo tumwite nani? Tumpe sifa kwa mkono wake, au tumnyime kwa moyo wake?

Swali hilo ni kongwe, lakini huko Marekani limefufuliwa upya na mambo mawili yaliyotokea katika mchezo wao wa besiboli. La kwanza ni la mwisho wa Mei 2024. Wakuu wa mchezo huo walizifungua daftari zao za kumbukumbu, wakaingiza humo hesabu za wachezaji zaidi ya 2,300 waliocheza katika ligi za watu weusi kati ya 1920 na 1948. Hapo jina la Ty Cobb, mzungu wa jimbo la Georgia aliyekaa miaka mingi kileleni mwa orodha ya wapigaji, likateremka, na juu yake likaandikwa jina la Josh Gibson, mtu mweusi, mzaliwa wa Georgia hiyohiyo, ambaye alikuwa amelala kaburini miaka 77. La pili ni la Mei 2025. Jina la Pete Rose, aliyefungiwa nje ya mchezo tangu 1989 kwa kosa la kucheza kamari, liliondolewa katika orodha ya waliopigwa marufuku. Rose mwenyewe alikuwa amefariki Septemba 2024.

Mambo haya mawili nimeyaweka pamoja kwa makusudi, na nitaeleza kwa nini. Huenda msomaji akaniuliza: besiboli yatuhusu nini sisi watu wa kandanda? Namwomba subira kidogo, maana mwisho wa safari hii tutafika mpaka Nairobi.

Kwanza tuujue mchezo. Besiboli ni jamaa ya kriketi. Mrushaji hurusha mpira. Mpigaji husimama na gongo la mviringo akijaribu kuupiga. Na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Waamerika huhesabu kila kitendekacho uwanjani, na hesabu wanayoienzi sana ni wastani wa kupiga. Katika majaribio 1,000, mpigaji aliyefaulu mara 300 ni hodari. Cobb alifaulu mara 367. Gibson mara 372. Katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, wana Jumba la Mashujaa wa Besiboli, lililofunguliwa mwaka 1939, ambamo sura za wachezaji bora hutundikwa ukutani zikiwa za shaba. Tangu miaka ya 1940 wapigao kura za kuwaingiza watu humo wameambiwa wasitazame mchezo peke yake, bali watazame pia uadilifu na tabia ya mtu. Sharti zuri. Natulitazame lilivyotumika.

Kepteni wa Chicago

Wa kwanza ni Adrian Anson, aliyezaliwa Iowa mwaka 1852, ambaye watu walimwita Cap, yaani kepteni. Alicheza misimu 27 hadi 1897, akaiongoza klabu ya Chicago kutwaa ubingwa mara tano, na hutajwa kuwa mchezaji wa kwanza kufikisha mapigo 3,000. Katika zama zake hapakuwa na jina lililoshinda lake.

Agosti 1883 Chicago ilizuru mji wa Toledo, Ohio, kwa mechi ya kirafiki. Mdakaji wa Toledo alikuwa Moses Fleetwood Walker, kijana mweusi aliyepata elimu yake katika chuo cha Oberlin. Anson akatangaza kwamba timu yake haitaingia uwanjani pamoja na mtu mweusi. Kwa kweli Walker siku hiyo alikuwa ameumia na hakupangwa kucheza. Lakini meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia maneno yale, akampanga makusudi, kisha akamwambia Anson: usipocheza, fungu lako la kiingilio hulipati. Anson akatafakari. Akacheza. Basi jua kwamba msimamo wake ule uliodaiwa kuwa wa tabia na mila ulikuwa na bei, na bei yenyewe ni senti za mlangoni.

Lakini mwenye inda hasahau. Mnamo 14 Julai 1887 Chicago ilikuwa icheze na Newark, ambayo mrushaji wake tegemeo, George Stovey, alikuwa mweusi. Mara hii Stovey hakuingia uwanjani. Na siku hiyohiyo wenye klabu za ligi ya Newark walikutana wakapiga kura kwamba hawatawaandikisha tena wachezaji weusi. Walker alibakia katika ligi hiyo hadi 1889, na baada yake hakuonekana mweusi mwingine humo mpaka mwaka 1946. Hiyo ni miaka 57. Mtoto aliyezaliwa mlango ulipofungwa alikuwa na wajukuu ulipofunguliwa.

Si haki kusema kwamba Anson aliujenga ukuta ule peke yake. Wajenzi walikuwa wengi, wenye klabu na wachezaji, na nchi nzima ilikuwa ikielekea huko. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na jina, na mwenye jina akisema neno, wale wenye nia kama yake hupata ujasiri.

Tena kulikuwa na Tony Mullane, mzaliwa wa Ireland, mrushaji wa Toledo mwaka 1884, mmoja wa warushaji wakubwa wa karne ile. Baadaye sana, uzeeni, alikiri mwenyewe kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliopata kucheza nao, lakini kwa kuwa hakupenda mtu mweusi, alikuwa akizipuuza ishara zake na kurusha apendavyo. Msomaji, zingatia maana yake. Mdakaji humpa mrushaji ishara kwa vidole ili ajue ni mpira wa namna gani unaomjia. Asipojua, mpira wa kasi humvunja vidole au kumpiga usoni, na siku zile vifaa vya kujikinga vilikuwa haba. Mullane alijua kwamba mwenziwe ni bora, akajua anamhatarisha, akajua anaipunguzia timu yake mwenyewe nafasi ya kushinda, na juu ya hayo yote akafanya. Ndiyo maana nasema ubaguzi ni kasoro ya moyo na ya akili pia.

Anson hakuishia Marekani. Mwaka 1888 na 1889 Chicago na timu ya pili zilizunguka dunia kuutangaza mchezo wao, na Februari 1889 wakacheza mbele ya piramidi za Misri. Walikuwa na kijana mweusi aliyeitwa Clarence Duval, waliyemchukua kama kitu cha bahati na kichekesho. Huko Cairo walimvisha barakoa ya mdakaji, wakamfunga kamba, wakamwongoza kama nyani mbele ya watu. Hivyo ndivyo walivyomleta mwana wa Afrika katika ardhi ya Afrika. Katika kitabu chake cha mwaka 1900, Anson alimtaja Duval kwa maneno ambayo ukurasa huu hauwezi kuyachapa.

Anson alitundikwa ukutani Cooperstown mwaka 1939. Walker naye aliacha mchezo akiwa na uchungu, na mwaka 1908 akachapisha kitabu cha kuwataka weusi wa Marekani warejee Afrika, kwa kuwa alikata tamaa kwamba watapata haki huko. Alikufa 1924. Ndivyo alivyoishia msomi mmoja aliyekuwa akitaka kucheza mpira tu.

Isnadi ya Ty Cobb

Sasa tuje kwa Cobb. Ukimuuliza Mmarekani amtaje mchezaji mkubwa mwenye roho mbaya, jina hili ndilo litakalomtoka kwanza. Lakini hapa yafaa twende polepole.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalimu tulifundishwa kwamba habari haipokewi kwa utamu wake. Huulizwa kwanza: nani kasema, kaipata kwa nani, na huyo naye kaipata wapi? Mlolongo huo wa wapokezi ndio isnadi. Akipatikana katikati yake mtu mwongo, habari yote huwekwa kando, hata iwe yapendeza vipi. Na tukafundishwa pia kwamba habari ya fasiki ipelelezwe, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Habari nyingi za kutisha zinazosimuliwa juu ya Cobb, ukizifuata isnadi yake, zaishia kwa mtu mmoja, Al Stump, mwandishi aliyemsaidia Cobb kuandika kitabu chake karibu na kifo chake mwaka 1961. Baada ya kumzika, Stump aliandika makala na baadaye kitabu kizima cha vituko vya marehemu, na mwaka 1994 ikatolewa filamu. Mwaka 2015 mwandishi Charles Leerhsen alitoa kitabu kilichozirudia habari hizo moja moja, akazipekua daftari za sensa na magazeti ya zamani, na nyingi akazikuta hazina mguu. Mathalani, mlinzi wa hoteli aliyepigana na Cobb mjini Cleveland mwaka 1909 alikuwa akisimuliwa miaka na miaka kuwa mtu mweusi. Leerhsen alipomtafuta katika sensa, alimkuta ni mzungu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Cobb alizaliwa Desemba 1886. Ukuta wa rangi ulipopigiwa kura Julai 1887, alikuwa mtoto wa miezi saba anayetambaa. Hakuujenga yeye. Baba yake, mwalimu na mjumbe wa baraza la Georgia, kwa maelezo ya Leerhsen alitetea shule za weusi. Baba huyo alipigwa risasi na mkewe Agosti 1905, aliyesema alimdhania mwizi, na mahakama ikamwachilia. Wiki tatu baadaye kijana wa miaka 18 aliingia uwanjani Detroit kwa mara ya kwanza akiwa na msiba huo kifuani. Na mwaka 1952, akiwa mzee, Cobb alisema gazetini kwamba weusi wapokewe katika besiboli kwa moyo mkunjufu, wakati ambapo klabu kadhaa zilikuwa bado hazijamchezesha hata mmoja.

Je, tumwoshe basi awe mweupe pe? La hasha. Mwaka 1908 alifikishwa mahakamani Detroit kwa kumpiga kibarua mweusi wa barabarani, kwa ugomvi wa lami mbichi. Mei 1912, mjini New York, aliruka kutoka uwanjani akapanda jukwaani kumpiga mtazamaji aliyekuwa akimtukana, na mtazamaji huyo alikuwa hana mkono mmoja na wa pili hauna vidole vyote. Tusi lililomchoma zaidi, yasemekana, ni kuambiwa ana damu ya watu weusi. Tusi hilo latueleza jambo. Mtu hakasirikii kuambiwa kitu ambacho haoni aibu nacho.

Kwa hiyo Cobb alikuwa mkali, mgomvi, mtu wa ngumi kabla ya salamu, na alikulia katika mila za Georgia zikamwingia. Hayo yamethibiti. Lakini yule shetani mwenye pembe wa kwenye filamu ni kazi ya msimulizi. Na tujiulize, kwa nini watu waliupenda sana uongo ule? Nadhani ni kwa sababu uliwafaa. Dhambi za nyumba nzima zikishatwikwa mtu mmoja aliyekufa, waliobaki hulala usingizi mzuri.

Ukali si ubaguzi, upole si uadilifu

Maana wako waliotenda makubwa zaidi bila kuinua sauti. Kenesaw Mountain Landis alikuwa jaji mwenye nywele nyeupe na uso wa heshima, aliyefanywa mkuu wa kwanza wa besiboli mwaka 1920. Mwaka 1942 alipoulizwa, alisema hakuna sheria inayowazuia weusi. Alisema kweli: haikuandikwa popote. Lakini katika miaka yote 24 ya utawala wake hakuna klabu hata moja iliyomwandikisha mtu mweusi. Alikufa Novemba 1944, na kabla mwaka haujatimia baada yake, Branch Rickey wa klabu ya Brooklyn alikuwa amekwisha kuagana na Jackie Robinson. Ajabu ni kwamba lile sharti la uadilifu na tabia huko Cooperstown, wengi hulinasibisha na Landis huyohuyo. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ilibeba jina lake hadi 2020, waandishi wa besiboli walipopiga kura kuliondoa.

Na Tom Yawkey, mwenye klabu ya Boston, tajiri aliyesifiwa kwa ukarimu. Klabu yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabisa kumwingiza mchezaji mweusi, mwaka 1959, miaka 12 baada ya Robinson. Cooperstown ilimtundika mwaka 1980. Barabara iliyopewa jina lake nje ya uwanja wa Boston ilirudishiwa jina lake la zamani mwaka 2018.

Kinyume cha hao, katika klabu hiyohiyo ya Boston alikuwako Ted Williams, ambaye wengi humhesabu kuwa mpigaji bora wa zama zake. Tabia zake zilikuwa za kuudhi. Aligombana na waandishi, akakataa kuwavulia mashabiki kofia, na mwaka 1956 aliwatemea mate, akatozwa faini ya dola 5,000. Adabu hapo hakuna. Lakini Julai 1966, alipoingizwa Cooperstown na kupewa nafasi ya kusema, Williams, ambaye mama yake alikuwa na asili ya Mexico, aliitumia hotuba yake kutaka Satchel Paige na Josh Gibson waingizwe nao, kwa kuwa kosa lao lilikuwa kutopewa nafasi tu. Hakuna aliyemwomba kusema hivyo. Paige aliingizwa 1971 na Gibson 1972.

Hapa ndipo tunapokosea mara nyingi tunapozungumza juu ya tabia. Twachanganya ukosefu wa adabu na dhuluma. Mwenye ulimi mchafu hutuudhi kwa saa moja. Mwenye kumnyima mtu riziki kwa rangi yake huila miaka ya watu. Na huyu wa pili aghalabu hupiga tai, husalimu vizuri, na hutoa sadaka.

Kosa lililoadhibiwa

Sasa nirejee kwa Pete Rose. Huyu ndiye aliyempita Cobb kwa idadi ya mapigo mwezi Septemba 1985, na alimaliza na mapigo 4,256, ambayo hakuna aliyeyafikia. Alipokuwa meneja aliweka dau katika mechi, hata za timu yake mwenyewe, na Agosti 1989 alifungiwa maisha. Miaka mingi alikana, kisha akakiri. Sina la kumtetea. Kamari ni haramu katika dini yangu, na mchezo ukiingiwa na kamari huwa si mchezo tena, kwa kuwa mtazamaji hajui kama alionalo ni kweli.

Lakini natuziweke kesi mbili katika mizani moja. Rose alifungiwa nje mpaka akafa, kwa kuwa kamari yaharibu ukweli wa matokeo. Anson, aliyegoma kucheza na weusi, aliingizwa ndani kwa shangwe. Je, kuwazuia weusi hakukuharibu ukweli wa matokeo? Hebu fikiri. Kila hesabu iliyoandikwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na 1947 iliandikwa katika uwanja ambao baadhi ya washindani wakubwa walifungiwa nje. Cobb na timu ya Detroit walipokwenda Cuba mwaka 1910 wakakutana na wachezaji weusi kutoka Marekani, kama John Henry Lloyd, wastani wa Lloyd katika mechi hizo chache ulikuwa juu ya wa Cobb. Mechi chache si ushahidi wa maisha mazima, lakini zatosha kutuonyesha kilichokuwa nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo wale wasemao, tutenganishe mchezo na tabia, tumsifu mtu kwa hesabu zake na tusimuulize roho yake, wamesahau jambo moja. Katika habari hii roho iliingia ndani ya hesabu. Mtu akishinda mbio baada ya wenzake kufungiwa chumbani, ushindi wake una kasoro hata kama mwenyewe si aliyekuwa na ufunguo. Ndiyo maana naliona tendo la Mei 2024 kuwa kubwa kuliko kuliteremsha sanamu lolote. Hawakufuta jina la Cobb. Waliyarudisha majina yaliyoachwa, kisha wakaacha hesabu iseme yenyewe.

Wako waliolalamika kwamba ligi za weusi zilikuwa na mechi chache, na kumbukumbu zao zina mapengo. Ni kweli. Lakini nani aliyesababisha mechi ziwe chache? Huwezi kumfungia mtu mlango kisha ukamlaumu kwa kutofika.

Robinson na ndege ya Nairobi

Jackie Robinson, naye mzaliwa wa Georgia, aliingia uwanja wa Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947. Josh Gibson alikuwa amekufa Januari ya mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 35. Miezi mitatu ilimkosesha kuiona siku hiyo.

Wiki moja baadaye Ben Chapman, meneja wa Philadelphia, ambaye katika ujana wake alikuwa mchezaji hodari, aliwaongoza watu wake kumtukana Robinson kutoka pembeni mwa uwanja, matusi ya rangi mfululizo. Robinson alikuwa amemwahidi Rickey kwamba hatajibu, akavumilia. Lakini matusi yakawageuza wenzake. Eddie Stanky, kijana aliyeishi Alabama, ambaye mwanzo hakumtaka, aliwapigia kelele watukanaji wale akawaita waoga. Baraza la mji wa Philadelphia liliomba radhi kwa jambo hilo mwaka 2016, Robinson akiwa amekwisha kufa tangu 1972.

Katika timu ya Brooklyn alikuwako Dixie Walker, mwana mwingine wa Georgia, mpigaji bora wa ligi mwaka 1944, kipenzi cha watazamaji. Yeye aliandika barua kuomba auzwe kwa klabu nyingine asicheze na Robinson. Alikuwa na duka la vyuma huko Alabama, akahofia wateja watamkimbia. Mwisho wa msimu akauzwa. Lakini huyu, tofauti na Anson, aliishi akajuta. Uzeeni alisema wazi kwamba lilikuwa jambo la kijinga kuliko yote aliyoyafanya, na alipokuwa mwalimu wa wapigaji aliwafundisha vijana weusi kwa weupe. Toba ni mlango ulio wazi. Ila tulifundishwa pia kwamba kosa la mja kwa Mola wake husamehewa na Mola, na haki ya mja juu ya mja mwenziwe yamngoja mwenyewe. Kwa hivyo radhi inayoombwa juu ya kaburi ni nzuri kwa muombaji, lakini marehemu haimfikii.

Na hapa ndipo tunapofika Nairobi, kama nilivyoahidi. Mwaka 1959 Tom Mboya alikuwa akitafuta njia ya kuwapeleka vijana wa Kenya Marekani kusoma, kwa kuwa serikali ya kikoloni iliwabania nafasi. Miongoni mwa waliotia saini barua ya kuwaomba Waamerika michango ni Jackie Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Septemba mwaka huo ndege ikawapeleka vijana 81. Safari zikaendelea, na katika zile za mwaka 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Hivyo yule aliyetukanwa Brooklyn kwa rangi yake aliutumia umaarufu wake kuwafungulia mlango watoto ambao hakuwajua, katika nchi ambayo hawakucheza besiboli. Mlango wake ulipofunguliwa, alikumbuka walio nje.

Kwa hiyo nikiulizwa ukubwa ni nini, nitawaweka pamoja watu wawili: Anson aliyeitumia heshima yake kufunga, na Robinson aliyeitumia kufungua. Wote wawili wamo ukutani Cooperstown. Shaba yao ni moja.

Na sisi je?

Nisingependa msomaji aikunje karatasi hii akidhani nimeandika juu ya dhambi za Waamerika tu. Nyani haoni kundule. Sisi wa Pwani tuna mashairi matamu ya mababu, yaliyotungwa katika majumba ambayo maji yake yalitekwa na watumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini maneno mtwana na mjakazi bado yamo katika tungo zetu, na neno mshenzi bado limo vinywani mwetu, nasi twayasoma tukisifu vina na mizani, bila kuuliza nani aliyekuwa akipepea wakati mtunzi akifikiri. Nami ni mmoja wao. Nimeyasoma hayo kwa furaha maisha yangu yote, na sikusudii kuacha.

Basi tufanyeje? Kuyachoma hapana. Anayechoma hujinyima pia ushahidi. Kuyafunika hapana vilevile, maana kidonda kikifunikwa huoza. Naona njia ni ileile ya daftari za 2024. Jina la fundi libakie, ufundi wake usomwe, na pembeni yake iandikwe hesabu kamili: nani alidhulumiwa, nani alifungiwa nje, na kama yako majina ya hao waliosahauliwa, yarudishwe mahali pake. Anson na awe ukutani, lakini mtoto anayeingia humo aambiwe habari za Fleetwood Walker kabla hajatoka.

Gibson alihitaji miaka 77 kaburini ili hesabu yake isomwe. Walker bado wachache wamjuao. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna tuzo inayoweza kuilipa, na ndiyo sababu ya kuuliza tabia ya bingwa angali hai, siku ile ile tunapompigia makofi.